Shati la Diwani

Alhamisi, Agosti 14, 1997, saa tatu asubuhi, gari jeupe lilisimama nje ya ukumbi wa video wa Javan pale Huruma. Mwanamume mmoja alishuka, akatia sahihi kwenye daftari, akaondoka na kaseti moja. Ilikuwa filamu ya diwani anayenyakua uwanja wa shule, kazi ya studio ndogo ya hapa mjini, na ilikuwa ionyeshwe jioni hiyo. Studio ilikuwa imepata barua ya vitisho ikaamua kukusanya kaseti zake zote. Kufikia saa tisa alasiri habari hiyo tulikuwa nayo kwenye benchi, kando ya jiko la Kageha, ambaye hutuuzia kahawa na ambaye tunamwita Mama Triza. Kageha ameigiza katika filamu hiyo. Kazi ilimweka nje ya nyumba siku nne, na mama mkwe wake huko Vihiga hakuwahi kuamini sababu ya siku hizo nne. Alikuwa ameitwa aje ajionee. Basi lake lilikuwa njiani.

— Studio imefanya vizuri, alisema Mwanzia. Yeye ni mchongaji, na hapa kijiweni jina lake ni Twiga. — Wangekaidi, leo kamera zao zingekuwa majivu.

Javan aliweka kikombe chini. Ubao wake wa chaki ulikuwa bado unasema: LEO SAA KUMI NA MBILI.

— Buda, mwenye barua hata jina lake hajaandika, na wewe unafunga virago? Kesho mwingine ataandika hataki karate. Nitaonyesha nini, ukuta?

— Na wewe mbona ulimpa yule wa gari kaseti?

— Alinikuta sijanawa uso, Twiga. Mtu hawezi kupigania haki na mswaki mdomoni.

— Basi usilaumu studio. Pengine nao walikuwa wanapiga mswaki.

Mwanzia alisogea ili tumsikie sote.

— Mimi vitisho navijua. Mwaka wa tisini na mbili nilichonga sanamu ya mheshimiwa. Ya kuuza tu, haina jina. Akaja jamaa wa koti, akasema hiyo pua ni ya mkubwa wake, niipunguze ama nitaona. Nikaipunguza.

— Ikaisha hivyo, alisema Javan.

— Wiki iliyofuata akaja jamaa mwingine. Akasema sasa ni pua ya mkubwa wake yeye.

— Ukafanya nini?

— Tangu siku hiyo nachonga twiga. Hakuna mheshimiwa amewahi kuja kudai shingo.

— Kwa hivyo studio nayo ipige filamu za twiga.

— Zingekuwa zinaonyeshwa leo.

Hapo Dedan aliingilia. Kazi yake ni kusimama kando ya televisheni ya Javan akitafsiri filamu za Kichina, na Kichina hajui. Tunamwita Spika. Kwa ajili ya onyesho la jioni alikuwa amevaa shati jeupe.

— Wasee, hii kitu hamjaielewa, alisema. — Barua imeandikwa na diwani.

— Diwani gani? Kwenye filamu hana hata jina.

— Ndio hapo. Nasikia madiwani wanne wamelalamika, kila mmoja anasema ni yeye. Huu ni mwaka wa kura. Usipolalamika, watu watasema hujawahi kuwa na nguvu ya kunyakua hata choo.

— Mimi nitakwambia zaidi, alisema Javan. — Barua imeandikwa na studio yenyewe, ndio tuitamani filamu. Hata hao madiwani wanne ni waigizaji.

— Basi hata yule wa pua alikuwa mwigizaji.

— Hiyo pua ilikuwa inakufanyia majaribio ya kuigiza, Twiga.

Kageha alichochea makaa.

— Na mimi nitamwambia mama nini?

— Mwambie ukweli, alisema Dedan.

— Ukweli nilimwambia mwezi wa nne.

Saa kumi na dakika chache mama mkwe wake, Mama Muhonja, alifika, amevaa viatu vya kanisani, na mfuko wa mboga mkononi. Alitusalimia kwa mkono, mmoja mmoja.

— Filamu iko wapi?

Javan alimweleza habari za gari, barua na vitisho. Mama Muhonja alimsikiliza mpaka mwisho.

— Nimetoka nyumbani alfajiri. Sasa huyu, ndani ya hiyo filamu, anafanya nini?

Tulikuwa tumebishana saa nzima na hatukuwa tumemuuliza Kageha hilo.

— Namwagia diwani kahawa, mama, alisema Kageha.

— Kumwaga kahawa ni siku nne?

— Shati la diwani lilikuwa moja. Kila nikimwaga, anafumba macho kabla haijamfikia. Mwenye kamera anasema turudie. Shati lifuliwe, lianikwe, lipigwe pasi. Siku ya pili mvua ilinyesha.

— Lilikuwa jeupe?

— Jeupe. Doa likakataa kutoka. Siku ya nne ndipo wakanunua lingine.

— Doa la kahawa linatoka, ukijua kufua.

— Hilo halikutoka, mama.

Mama Muhonja aliweka mfuko chini.

— Nionyeshe.

Dedan alisimama kabla ya kuombwa, akatoa tumbo mbele kama diwani. Kahawa kikombeni mwake ilikuwa imepoa. Kageha alijifuta mikono, akakichukua. Hakupaza sauti.

— Mheshimiwa, huo uwanja ni wa watoto.

Akamwaga.

— Ni maneno hayo tu? aliuliza Mama Muhonja.

— Hayo tu, mama.

— Na ndiyo mtu akaandikia barua?

Mwanzia alitazama jiko. Javan alitazama ubao wake.

— Na huyu amefumba macho, alisema Mama Muhonja. — Rudieni.

Walirudia mara tatu, kila kikombe kikipozwa kwanza. Mara ya tatu Dedan hakufumba, na birika likawa tupu. Mama Muhonja aliomba beseni, sabuni na chumvi, akamvua Dedan shati. Alilifua, akalikagua, akalifua tena. Saa kumi na mbili, wakati ulioandikwa ubaoni, shati lilikuwa kwenye kamba mbele ya ukumbi wa video. Doa halikutoka.