Andika Alivyosema: Miaka Thelathini na Mmoja ya Shangazi wa Kaunta

Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane, saa kumi na nusu jioni, Shangazi atafunga droo ya kaunta ya vipuri kwa mara ya mwisho. Ametumikia kampuni hii ya pampu za maji kwa miaka thelathini na mmoja na miezi miwili, na kwa miaka kumi na minne kati ya hiyo ameitunza pia tovuti yetu. Kamati ya jarida iliniomba niandike maneno mazuri. Nitayaandika, ila ni kwa yule anayeyastahili. Sisi wengine tukae mkao wa kusikiliza.

Hapa kazini hana mpwa hata mmoja. Jina alilipata wiki yake ya tatu, fundi mmoja alipochukua beringi mbili bila kusaini akafika nazo hadi getini. Akarudishwa mbele ya wateja, kwa sauti ambayo kila mtu aliwahi kuisikia kwao akiwa mdogo. Fundi akasaini, akasema, “Samahani, shangazi,” na basi, jina likabaki. Fundi huyo leo ndiye fundi mkuu, na bado husaini.

Wasiowahi kukaa kaunta hawajui kwamba mteja haji na jina la kipuri. Anakuja na kitu kilichofungwa kwenye gazeti, kinachuruzika mafuta, pamoja na malalamiko. Shangazi alianza kuyaandika malalamiko hayo kwenye kaunta buku ili mtu wa zamu ya mchana asimsumbue mteja kwa maswali yale yale ya asubuhi. Ukurasa wa kushoto swali, wa kulia jibu la fundi. Sheria ilikuwa moja tu: andika alivyosema. Mteja akisema pampu inakohoa, imeandikwa inakohoa. Kijana mmoja msomi aliandika “hitilafu katika mfumo wa uvutaji”. Shangazi akapiga mstari kwa kalamu nyekundu, akamtuma amkimbilie mteja kituo cha basi amwulize upya alikuwa amesema nini.

Tovuti ilipokuja, ilikuja kama fahari ya ofisi za juu. Ukurasa wa mbele ulikuwa na picha ya Meneja akiwa ameshika kalamu isiyoandika chochote, maneno “Karibuni sana kwenye tovuti yetu”, kisha dira, dhima, na maadili saba ya msingi. Neno pampu lilitokea mara ya kwanza katika aya ya sita. Kwa miezi minane tovuti ilitembelewa na Meneja, mke wa Meneja, na watu wachache waliokosea njia. Ofisi za juu zilipochoka nayo zikamshushia Shangazi, kwa hoja kwamba anachapa haraka. Ilikuwa adhabu, ila hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuiita hivyo mbele yake.

Aliisoma tovuti yote asubuhi moja, amesimama. Kisha akauliza chumba kizima: “Kuna mtu hapa, pampu ikimfia na familia haina maji ya kuoga, anaamka anatafuta dira?” Akafungua kaunta buku la kwanza, akaanza kuchapa.

Alichofanya, sasa kinafundishwa kwa vyeti na wataalamu wanaovaa miwani ya jua utosini. Alichukua swali moja akalitengea ukurasa wake. Kichwa cha ukurasa kikawa swali lenyewe, kwa maneno ya mteja: “Pampu inanguruma lakini maji hayapandi.” Jibu likaja katika mistari miwili ya kwanza: huenda imeshika hewa, zima, ijaze maji kabla ya kuiwasha tena, isipokubali, angalia valvu ya chini. Maelezo marefu yakafuata kwa mwenye subira. Mwishoni akaweka kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye ukurasa wa valvu, na wa valvu ukamrudisha kwenye saa zetu za kufungua.

Fundi mkuu aliudhika. “Pampu haingurumi, Shangazi. Mota ndiyo inayonguruma.”

“Sawa, baba. Kaandike wako, mteja akusome.”

Kweli fundi mkuu aliandika wake, wenye kichwa “Utambuzi wa Kasoro za Mota”. Ukurasa huo umesomwa mara kumi na tisa tangu uwekwe, na yeye mwenyewe anakiri kwamba kumi na tano ni zake. Wa Shangazi hadi leo ndio unaoongoza, na mteja mmoja kati ya watatu wanaoingia dukani huwa ameusoma akiwa nyumbani kwake, mikono imelowa.

Habari zikaenea, na wenye tovuti wa mtaa mzima wakaanza kuja kaunta kuomba ushauri. Aliwapa, pamoja na dharau, bila malipo ya ziada. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alilalamika kwamba mtandao unamchukia. Tovuti yake yote ilikuwa picha moja kubwa, saa za kufungua zimechorwa ndani ya picha, na ilifunguka polepole kiasi kwamba mtu angeweza kunyolewa akiingoja. “Saa umezichora,” Shangazi akamwambia. “Anayezitafuta atazipataje, azilambe?” Akamwandikia maneno ya kawaida mahali pa mchoro, akaipunguza picha ukubwa, akabadilisha jina lake kutoka namba za kamera hadi maelezo ya kilichomo, akaijaribu tovuti kwenye simu ya bei ya chini kuliko zote zilizokuwa dukani. Simu hiyo anaitunza kwenye droo kwa kazi hiyo tu. Anasema ukurasa usiofunguka hapo haujafunguka popote.

Dada wa mhasibu wetu, fundi cherehani, alitaka awe wa kwanza mtandaoni kwa neno “nguo”. Shangazi alicheka hadi akavua miwani. “Dunia nzima inauza nguo, mwanangu. Wewe unapunguza suruali kiuno siku hiyo hiyo. Sema hivyo.” Akasema hivyo. Sasa anaajiri.

Ninayeandika haya niliajiriwa miaka mitatu iliyopita nikiwa na stashahada ya masoko na maoni mengi. Mwezi wa tatu wa kazi yangu Meneja alileta Mtaalamu. Jina lake nimeagizwa nisilitaje, na sioni hasara. Aliahidi kutufanya wa kwanza ndani ya siku thelathini, na nilimwamini kuliko nilivyowahi kumwamini mtu yeyote wa makamo. Shangazi aliuliza swali moja kikaoni: “Wa kwanza kwa nani?” Mtaalamu alitabasamu kwa huruma. Nami, kwa aibu yangu, nikatabasamu naye.

Tulifanya haya. Tuliandika “pampu bora pampu rahisi pampu imara” mara mia nne chini ya kila ukurasa, kwa herufi nyeupe juu ya rangi nyeupe, eti mashine ya utafutaji ione na binadamu asione. Tulitengeneza kurasa sitini za miji ambayo hatuna hata dirisha, maneno yale yale, jina la mji tu likibadilishwa. Tulinunua viungo vya kuelekeza watu kwetu kutoka tovuti za kamari na za nywele bandia. Kisha tukabadilisha anwani za kurasa zote ziwe “za kisasa”, bila kuelekeza anwani za zamani kwenye mpya, na tukazifuta kurasa za Shangazi mia tatu na kumi na mbili kwa sababu lugha yake, alivyosema Mtaalamu, ilikuwa ya kaunta. Kitufe cha kufuta nilikibonyeza mimi. Kiliuliza mara mbili kama nina hakika.

Kwa siku kumi na moja tulipanda kwenye orodha ya utafutaji. Meneja aliagiza soda. Siku ya kumi na mbili tulianza kushuka, na mwezi ulipokwisha, mtu akiandika jina kamili la kampuni hii, herufi kwa herufi, aliletewa duka la jirani.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu mmoja asiyeona, mteja wetu wa miaka mingi, ambaye simu yake humsomea kurasa kwa sauti. Alikuja hadi kaunta, akaiweka simu juu ya meza, akaiwasha. Ikasoma pampu bora pampu rahisi pampu imara, kwa sauti ya upole, dakika baada ya dakika. Wateja waliokuwa kwenye foleni walianza kucheka, kisha wakaacha. “Nilitaka tu kujua mnafungua saa ngapi,” mwalimu akasema. Maneno tuliyoyaficha wasiyaone binadamu yalikuwa yamemfikia binadamu mmoja, na hakufikiwa na kitu kingine chochote. Mtaalamu wakati huo hakuwa akipokea simu.

Shangazi hakusema nilivyotarajia. Aliuliza cheti changu nimekiweka wapi. Nikamwambia kiko ukutani. “Vizuri. Kiache huko. Wewe njoo kaunta.” Nilikaa kaunta wiki sita, nikiandika walivyosema. Yeye alitoa kaunta buku zote kumi na saba stoo akaanza kuchapa upya, swali baada ya swali, kila anwani ya zamani akiielekeza kwenye mpya ili aliyekuwa amehifadhi ukurasa wetu asigonge ukuta. Kurasa za miji tukazifuta. Viungo vya kamari tukaviombea viondolewe, kimoja kimoja. Kila Jumatatu Meneja aliuliza mbona bado. Kila Jumatatu Shangazi alimjibu kwamba kuaminiwa upya hakuna kitufe. Ilichukua miezi tisa. Katika miezi hiyo watu watatu wa kaunta walipunguziwa zamu, nami nawajua kwa sura na kwa watoto wao. Hilo Mtaalamu hakulilipia.

Mtu angedhani tumejifunza. La. Mwezi uliopita, Meneja akijua Shangazi anaondoka, alipokea pendekezo jipya: makala mia mbili kila mwezi, zitungwe na mashine, kurasa za kaunta ziondolewe kwa kuwa zimepitwa na wakati. Uamuzi ungefanywa Jumatatu ya wiki hii. Nilisoma sampuli. Makala ya kwanza ilieleza kwa aya kumi umuhimu wa maji katika maisha ya mwanadamu. Ya pili ilieleza hayo hayo. Hakuna hata moja iliyojua kwamba pampu hushika hewa.

Kamati ya maagano ilimwuliza Shangazi anataka zawadi gani. Saa ya ukutani aliikataa, akisema ameangalia saa vya kutosha. Aliomba kitu kimoja: kurasa zake zisifutwe tena, na kaunta buku libaki kaunta likiandikwa. Kamati ikasema itayafikisha maombi hayo panapohusika. Yeye akarudi kazini. Kaunta buku la kumi na nane lilikuwa limebakiza kurasa nne.

Ijumaa iliyopita Meneja alishuka kuzungumza naye, nami nilikuwa natafuta sili chini ya kaunta. Alimwuliza kwa adabu, kama mtoto anayeuliza jambo analolijua: “Shangazi, hizi makala mia mbili, kweli hazitatufanya wa kwanza?” Shangazi alifungua kaunta buku, akaliandika swali upande wa kushoto, alivyosema, bila kuweka jina. Upande wa kulia akaandika maneno manne, “Wa kwanza kwa nani?”, akaligeuza buku limwelekee. Meneja akalisoma. Kisha akaanza kufunua kurasa za nyuma. Alisimama pale, akisoma pampu inakohoa, pampu inatetemesha ukuta mtoto halali, pampu ya marehemu baba sijui hata inawashwaje, hadi mteja mmoja akamwomba apishe.

Jumatatu pendekezo halikusainiwa. Hatukutangaziwa kitu, hapa kwetu busara huingia kwa mlango wa nyuma. Ila jana asubuhi tulikuta kaunta buku jipya nene, la kwaya nne, juu ya kaunta, na mtunza stoo anasema aliyelisainia ni Meneja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umeshaandikwa, kwa mwandiko wake ule unaolala: “Mteja ameulizia uwezekano wa kupatiwa ufafanuzi kuhusu kukatikakatika kwa huduma ya usukumaji maji.”

Shangazi aliusoma, akavuta droo, akatoa kalamu nyekundu. Akapiga mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika: “Andika alivyosema.” Kisha akampigia simu ofisini kwake, na Meneja wetu, akiwa na tai shingoni, akatoka mbio kumfuata mteja kituoni.

Kurasa mia tatu arobaini na moja zipo zilipo, na kalamu nyekundu ameniachia mimi. Shangazi, umetuvumilia kuliko tulivyostahili. Tunakushukuru sote, na mwalimu ameniagiza nikwambie kwamba simu yake sasa inamtajia saa za kufungua katika sentensi ya kwanza. Nenda ukapumzike, ulale hadi jua likuchoke, uwe na afya na siku ndefu. Na pampu ya kwako ikikorofisha, piga simu kaunta. Tutaandika utakavyosema.