Meya wa Ghorofa ya Tatu Anaondoka na Mhuri Wake

Baada ya miaka ishirini na miwili ya kuosha, kuvalisha na kubembeleza wazee wa makao yetu hapa Wheaton, Marekani, Papa Gratien anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei. Na ijulikane kwamba kazi hii aliipata kwa sababu yangu. Nilimshika mkono, nikampeleka ofisini, nikamtetea mpaka wakanyoosha mikono.

Haya, Généreuse wa ofisini, anayenichapia maneno haya ya programu ya kumuaga, ameshanikodolea macho. Ni uongo. Yeye ndiye aliyenipeleka mimi, na elimu yangu ya darasa la nne, nikapewa mashine za kufulia kule chini, na ndiko nilipo hadi leo.

Wengi mnamwita Meya mkidhani ni utani. Alikuwa meya kweli, wa Lubondo, mji wetu mdogo kule Kivu: barabara moja, soko moja, lori moja. Lori lilikuwa lake. Aliuza chumvi, sabuni na mawese, na siku za kampeni aligawa sabuni bure. Nilimpigia kura kwa kipande kimoja, nikaoga, nikaanza kumsema. Alituletea bomba la maji, akasimamisha daraja, akaandikisha kila mtoto aliyezaliwa. Vita vilipofika aliacha duka, lori na kiti. Alitoka na mhuri wa mji tu, ndani ya soksi.

Hapa aliendelea kutawala. Ghorofa ya tatu wazee wawili waligombania kiti cha dirishani mpaka wakarushiana uji. Papa Gratien akavaa tai juu ya sare, akaandika amri: asubuhi huyu, alasiri yule. Akagonga mhuri, akabandika ukutani.

Muuguzi Cheruiyot akacheka: "Mzee, hapa ni Maryland. Hiyo stempu yako haina nguvu."

"Na wewe una nguvu gani? Uji bado uko kwenye kola yako."

Meneja aliibandua ile amri siku hiyo hiyo. Wazee wameitii miaka sita.

Kila Krismasi alituambia atastaafu arudi Lubondo. Mwaka kesho, magoti yakipata nafuu. Magoti hayakupata. Mwaka jana Lubondo ilichomwa mara ya tatu, na safari hii hakuna aliyerudi kujenga. Soko limeota majani. Komini, ile ofisi ya mji, na vitabu vyake vyote vya kuandikisha vizazi, ni majivu. Sasa anakwenda Texas kwa binti yake Mahoro, kwa wajukuu wanaosikia Kiswahili na kumjibu kwa Kiingereza. Meya asiye na mji. Nimeitafutia sentensi hiyo mzaha siku mbili, sikuupata.

Sisi wa Lubondo tuliobaki hapa tuko wanne. Mama yake Jaël, yule msichana wa jikoni, alipofariki majira ya baridi, cheti cha kifo kilisema mahali pa kuzaliwa hapajulikani. Papa Gratien akaketi chumba cha mapumziko, akaandika kwa mkono kwamba huyu mama alizaliwa Lubondo, akataja baba na mama, akagonga. Karatasi ile haikubaliki ofisi yoyote duniani. Jaël aliiweka ndani ya jeneza, chini ya mikono ya mama yake.

Asante, Papa, kwa migongo yote uliyoisugua na ugomvi wote uliouamua. Huko Texas tunakuombea kiti cha dirishani, na asiwepo wa kukigombania.

Sasa langu. Nilikushikia shifti Jumamosi mbili za theluji, ukaniahidi karatasi kama ile. Mpaka leo sijaiona. Umri wangu unaujua, kikohozi changu unakisikia hadi ghorofa ya tatu. Nimeshaiandika mwenyewe, makosa rekebisha: Ismaël, mwana wa Eliudi fundi baiskeli, mzaliwa wa Lubondo. Iko mfuko wangu wa kushoto. Keki haijakatwa, nigongee. Wino ukiwa umekauka, upulizie pumzi kama siku ile ya Mama Jaël. Kwa mtu mmoja utatosha.