Mama wa Kokoto

Tangu gari litoke Kitale, Bi Fardosa alisikiliza mabishano ya kiti cha mbele. Kabura, mchoraji, alikuwa amepakata picha ya marehemu mama yake akivunja kokoto, nguo ina viraka, miguu mitupu. Waamuzi wa maonyesho walitaka ambadilishie nguo, la sivyo abaki nje.

“Kuna Mfaransa wa zamani alichora wavunja mawe, akawafanya wakubwa kama wafalme. Wenye sanaa yao wakamfokea,” Kabura akasema.

“Huyo Mfaransa hakuzaliwa na mamako,” akasema abiria mwenzake, mzee Nderitu, ambaye hakuwa ameulizwa. “Si watu huvaa ya kanisa wakipigwa picha? Mvalishe hata viatu, bana.”

“Guka,” Kabura akamwita kama babu yake, “mama hakuwahi kupigwa picha. Hii ndiyo ya kwanza.”

“Ndiyo maana nasema viatu!”

Bi Fardosa hajajua bado amuunge nani mkono, gari likasimama Bungoma.