Mzee Nahashon na Meza ya Kimya

Leo, Ijumaa tarehe 28 Juni 2019, Mzee Nahashon Ondieki anastaafu baada ya kutumikia duka letu la sarafu za kale hapa Golden Valley, Marekani, kwa miaka kumi na tisa. Mimi Makena wa mapokezi sijui Jumatatu nitasalimiwa na nani.

Alitoka kwenye makao ya wazee, alikokuwa akiuguza wagonjwa, akaanza hapa kwa kufunga vifurushi. Baadaye akapewa meza ya kupokea sarafu za majaribio, zile zilizopigwa zamani Marekani ilipokuwa bado inatafuta sura ya pesa yake, pamoja na vipande vya bati na shaba vya kujaribia chapa.

Sasa, anayemjua Mzee anaujua mdomo wake. Kanisani kule Brooklyn Center akipewa dakika mbili za matangazo, watoto husinzia. Lakini kwenye meza ile haongei mtu, kwa sababu tone la mate likiangukia sarafu huacha doa lisilotoka. Aliyefungua mdomo pale, hata bosi, alionyeshwa kidole cha kunyamazishwa. Mimi nilionyeshwa mara nyingi mno, na namshukuru.

Baridi ya mwaka 2014 alikuja Bi. Lindquist, mjane wa Inver Grove Heights, na kipande cha bati cha marehemu mumewe, aliyeamini ni cha majaribio ya kale. Ukoo mzima ulimcheka yule bwana kwa kununua takataka, na mama mwenyewe alicheka nao. Hakutaka kuuza. Alitaka tu kujua kama alimwonea mumewe. Mzee alikiinamia kipande na lenzi yake mpaka chai yangu ikapoa. Uso mkavu, neno hakuna, na mama wa watu anazungusha pete yake kidoleni! Kisha akakifunika kwa kitambaa, akasogea hadi mlangoni, ndipo akapaza sauti iliyosikika hadi kwenye maegesho, kwamba ni chenyewe kabisa na marehemu hakudanganyika hata kidogo. Bi. Lindquist akalia, akacheka, akalia tena. Nasi je? Tulilia pia.

Asante, Mzee, kwa ugali uliotubebea, kwa kumwombea mama yangu alipolazwa, na kwa kutufundisha kutulia mbele ya kitu cha mwenzetu. Mungu akupe uzee mtamu, na mkeo Mama Kwamboka ampe subira ya kukusikiliza mchana kutwa.

Bi. Lindquist yuko hapa, safu ya mbele. Kile kipande amekiacha nyumbani makusudi, na kwenye meza yako tumeweka keki tu, hakuna sarafu. Ongea, Mzee. Leo ongea mpaka uchoke.