Fundi Abdulrazak Hakukosea

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Aliye na sufuria jikoni aipunguzie moto, aje karibu na redio. Leo tunamkumbuka Abdulrazak Mcha, fundi wa springi na shokapu wa Mikunguni. Abdulrazak Mcha. Amefariki Jumamosi iliyopita, ana miaka thelathini na tisa.

Mmeshasikia alivyokufa. Springi ya gari ilimfyatukia. Na tangu siku hiyo, barazani, sokoni Mwanakwerekwe, maneno ni hayo hayo: fundi gani huyo anauliwa na springi yake? Alikuwa mzembe. Mjane wake, Bi Amne, alikuja hapa studio juzi, analia kwa hasira. Akaniambia, "Mume wangu wamenizikia, sasa wananizikia na jina lake. Wewe watu wanakusikiliza. Lisafishe." Nikamwahidi. Na kulisafisha naweza, kwa sababu gari ile ilikuwa yangu, na mimi nilikuwapo.

Abdulrazak aliingia gereji ana miaka kumi na sita. Siku hizo springi waliibana kwa waya, wakiukaza kwa kipande cha nondo. Siku moja waya ukakatika, springi ikamfyatukia usoni. Mama yake, Bi Time, anasimulia: "Walinletea mwanangu kwenye toroli. Taya limekwenda upande. Meno manne kayashika mkononi, anantazama kama mtoto aliyevunja sahani."

Hakuiacha kazi. Alirudi mdomo umeshonwa, akatafuta klampu za chuma za kuibania springi, akajiwekea sharti moja. Springi ikishabanwa, hasemi na mtu. Haitiki, hageuki, hata salamu haijibu. Watu wakaudhika, maana hapa kwetu salamu kutoitikiwa ni tusi. Akaenda kumuuliza shekhe wa msikiti wao. Shekhe akamwambia, "Itikia moyoni. Ukishaweka chombo chini, itikia kwa mdomo." Basi akimaliza hutoka mbio, mikono imejaa girisi, anamfukuza mtu mpaka kona ya pili: "Waalaykum salaam, bwana! Uniwie radhi!" Mtaa mzima wakimcheka, na wakimpenda.

Hizi gari za Kijapani zinashuka bandarini zimesimama juu, na vijana wanataka zikae chini, karibu na lami. Abdulrazak aliwashushia. Lakini alitafuta springi fupi za kiwandani, hakukata springi kwa msumeno hata siku moja, maana iliyokatwa huchomoka njiani ikaua. Kuna mmoja alimng'ang'ania amkatie. Abdulrazak alimkaba shati, akamburura mpaka nje, akamwambia, "Kaue watu wa kwenu, si kwa mkono wangu." Huyo ndiye mnayemwita mzembe.

Sasa nije kwangu. Gari yangu nyeupe ilishuka mwezi uliopita. Nilitaka springi fupi na rimu za inchi kumi na nane, iongoze msafara wa harusi ya binti yangu Ruqaya, siku ya Ijumaa. Alhamisi mchana nikaenda kuichukua. Wenzake walikuwa wamekwenda kula. Rimu tatu zimeshafungwa, imebaki gurudumu moja la mbele. Yeye amechuchumaa, springi imebanwa kwa klampu mbili, anazungusha spana taratibu, robo kwa robo.

Nikasema, "Assalamu alaykum." Kimya. Nikasema tena. Kimya. Mara ya tatu nikaisema kwa sauti hii hii mnayoisikia. Hakugeuka. Sharti lake nilikuwa nalijua, wasikilizaji. Nalijua vizuri. Lakini hasira zikanipanda. Nikajiambia: mimi, mtu wa Shangani, sauti yangu inajulikana mpaka Kizimkazi, nasimamishwa kama muomba sadaka na mtu wa Ng'ambo, wa mitaa ya wanyonge, aliyejaa girisi? Nikamzaba kofi la kisogo.

Nimempiga mimi. Nakariri, asije mtu akasema hakusikia. Nimempiga mimi. Spana ikamtoka, klampu moja ikachomoka, springi ikafyatuka. Ilimpata chini ya kidevu, ikamtupa nyuma mpaka ukutani. Niliusikia mfupa ukivunjika. Damu ilirukia mlango wa gari, ikarukia kanzu yangu. Akawa anakoroma damu, kucha zinaparura sakafu, macho yananitazama. Midomo ikacheza, anataka kusema kitu, sauti haikutoka.

Majirani wakaingia mbio. Wakaniuliza, kuna nini? Nikawaambia, "Imeteleza." Neno moja tu. Mji mzima umeokota uzembe wake kwenye neno langu hilo.

Nilimpeleka hospitali. Ijumaa nikaozesha, nikacheka kwenye picha. Jumamosi akafa. Nikabeba jeneza lake kwa bega hili, na Bi Time akaja kunishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kumkimbiza mwanawe kwa daktari, akaniombea dua. Nikaitikia amin. Nilijichukia, na nikaitikia amin.

Naona fundi mitambo anagonga kioo, anataka niweke muziki. Angoje kidogo.

Mliosema mzembe, rudini kwenye baraza zile zile mkamtaje vizuri. Na kila mmoja wetu ajiulize, hiyo heshima anayoidai kwa watu, ni kubwa kiasi gani hata ainyanyulie mkono. Mimi yangu niliiona kubwa kuliko roho ya mtu.

Bi Amne, Bi Time, Mwenyezi Mungu akupeni subira, na marehemu ampe kauli thabiti. Sikuombeni radhi leo. Leo nilikuja kwa jina lake tu. Nikitoka hapa nakwenda kituo cha polisi kwa miguu yangu, na maneno haya ntayasema tena huko, yaandikwe.

Springi haikuteleza. Abdulrazak Mcha hakukosea. Poleni sana, wazee wangu. Anayekupeni pole ni Basil Darwesh, na ndiye aliyemuua.