Unga wa Kopo Jeupe

Benchi letu liko Bomani, Tarime, mbele ya kibanda changu cha kushonea viatu, pale Land Rover za machimboni zinapopakia watu. Miaka ile dhahabu ilikuwa imewapanda watu kichwani. Walimu waliacha chaki, wachungaji wa ng'ombe waliacha fimbo. Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Mimi na sindano yangu. Okal, tuliyemwita Wakili kwa sababu aliwahi kuwa tarishi wa mahakama. Mseti, tuliyemwita Chuma, mponda mawe wa machimboni, mwenye mikono kama mchi. Na Agustina mwenye birika, ambaye kahawa yake chungu ndiyo iliyotufanya tukae pale. Habari ilikuwa moja tu: jana yake bwana afya alipita madukani na askari, akakusanya makopo meupe ya unga wa nguvu, akayachoma nyuma ya ofisi.

CHUMA: Aliyechomwa ni mimi! Kijiko kimoja kwenye chai, naponda mawe jua linatoka mpaka linazama, sikai chini.

AGUSTINA: Kimoja? Juzi ulisema viwili.

CHUMA: Kidole kimoja hakivunji chawa, mama. Ndiyo maana nikaongeza cha pili.

WAKILI: Acheni vijiko, tuongee sheria. Kitu hakichomwi kabla ya kushtakiwa. Hilo kopo lilipanda kizimbani lini?

— Kopo lingejibu nini, Wakili? nikauliza.

WAKILI: Ndiyo hapo! Halikujibu, kwa hiyo halina kosa. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

AGUSTINA: Bwana afya alisema kopo halina jina la aliyetengeneza, halina tarehe, halina hata neno moja. Mimi mwenyewe alinikagua, akaniambia nichemshe vikombe. Nikachemsha. Nimepungukiwa nini?

WAKILI: Wewe unauza kahawa, kila mtu anaijua. Ule unga ni siri ya kiwanda.

CHUMA: Siri gani? Kilichomo nakijua. Ni figo ya simba. Inakaushwa, inasagwa. Aliyeniuzia kule Sirari alininong'oneza mwenyewe.

WAKILI: Figo ya simba! Ai yawa, umedanganywa mchana kweupe. Ule ni unga wa wanajeshi wa Ulaya. Akiula askari, halali wiki nzima. Vita vilipoisha, maghala yakabaki yamejaa.

CHUMA: Mbona unameta juani? Unga wa wanajeshi unameta?

Wakili alikunja uso, akanywa funda moja, kisha akapiga paja.

WAKILI: Basi ni dhahabu! Dhahabu ya kusagwa. Sasa nimeelewa. Serikali imesikia wachimbaji wanakunywa dhahabu, imeona wivu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na bwana afya ameinama. Mmeuliza majivu ya jana yamekwenda wapi?

CHUMA: Kumbe natembea na dhahabu tumboni!

AGUSTINA: Basi ingia kwenye karai, mura, tukuoshe tuione.

Tulicheka mpaka sindano ikanichoma kidole. Bado tunacheka, akasimama mbele yetu mwanamke kijana, amejifunga kanga mbili, miguu ina vumbi mpaka magotini.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Naitwa Adoyo. Nimeelekezwa kwa mtu anaitwa Chuma.

— Ni mimi, Mseti alisema, akajinyoosha.

— Kaka yangu ni Ogola. Mnaponda mawe pamoja.

— Ogola! Kijana mzuri sana yule. Mimi ndiye niliyemfundisha kazi.

Adoyo alifungua pindo la kanga, akatoa kopo jeupe, tupu.

— Ameanguka machimboni juzi, amelazwa hapa hospitali. Macho yamekuwa ya manjano. Moyo unakimbia, ukimwekea mkono kifuani unausikia. Daktari anasema hawezi kumpa dawa ovyo bila kujua alikunywa kitu gani. Kaka alisema wewe ndiye uliyemwonyesha. Sasa naomba uniambie, ndani kuna nini?

Chuma alifungua mdomo. Simba hakutoka. Alimtazama Wakili, Wakili akatazama chini. Pale stendi kondakta alikuwa anaita watu wa machimbo.

— Mjibuni mtoto wa watu, Agustina alisema.

— Sijui, Chuma akasema.

Miaka yote niliyomfahamu, sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo.

— Lakini ulimpa, Adoyo alisema polepole. Ulimpa anywe.

Chuma aliinuka. Alikwenda chumbani kwake nyuma ya stendi, akarudi na kopo lake, limebaki nusu. Niliacha kiatu cha mtu bila soli, tukaenda watatu.

Hospitalini tulimkuta bwana afya, kijana mwembamba, anaongea na daktari. Kopo moja hakulichoma. Alikuwa amelituma Mwanza likapimwe, na majibu yalikuwa bado. Daktari alipokea la Chuma, akamimina unga kidogo kwenye karatasi, akaunusa. Kisha akamtazama Chuma.

— Na wewe unakunywa tangu lini?

— Mimi nimemsindikiza dada tu.

— Lete mkono.

Alimshika kifundo akiangalia saa yake. Aliangalia muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akamvuta kope ya chini, akamwita nesi.

Chuma alilazwa kitanda cha jirani na Ogola. Usiku wa kwanza, Adoyo alinieleza, hakulala. Kila Ogola alipokoroma vibaya alikuwa anakaa kitako. Siku ya tatu Ogola alitambua watu, akaomba uji. Daktari alisema ini lake litachukua miezi kupona, lakini atapona.

Mchana huo nilikuwa nimekwenda kuwaona, bwana afya akapita wodini. Chuma akamwita.

— Mdogo wangu, madukani ulikusanya makopo machache. Mengi yako machimboni, kwenye mahema. Mimi nayajua yote, moja moja.

— Pona kwanza, mzee. Tutakwenda wiki ijayo.

— Wiki ijayo? Wenzangu wameunywa ule unga leo asubuhi.

Akatupa shuka pembeni, akashuka kitandani, akaniomba nimtafutie viatu.