Kifua Walichokiogopa

Bwana asifiwe, ninyi wote muliokuja na mvua hii! Na ninyi muliosimama kule mulangoni, muingie, fasi iko. Miye naitwa Faustin. Wengi munanijua, ni ule anayetengeneza baiskeli karibu na soko. Leo nimeomba muchungaji ruhusa nisimame mbele yenu, na nimevaa simisi moja tu, shati hili, bila kazaka, koti langu la kila siku, juu yake. Kwa ninyi haiko kitu. Kwa miye ni mwujiza! Sifa kwa Mungu!

Ndugu zangu, nilizaliwa mwanaume sawa kaka zangu. Lakini nilipofika umri wa sauti kubadilika, chini ya chuchu zangu kulianza kuuma, pande zote mbili, kama kuna mbegu ngumu ndani. Mama alinambia, "Acha kushikashika, itaisha." Haikuisha. Ilikua. Wenzangu walipata ndevu, miye nikapata ndevu na maziwa ya mwanamuke pamoja! Shuleni wakaniita Mama Fosti. Hata wale wadogo wa darasa la kwanza walijua jina hilo. Nikaacha shule, nikaenda Nizi kuchimba zahabu.

Kule Nizi wanaume wanatumika kazi vifua wazi ndani ya maji. Miye peke yangu niliingia majini na kazaka. Chini yake nilikuwa nafunga kifua na kipande cha kikwembe, kitambaa cha wamama, nakaza mupaka pumzi inakuwa fupi, na ngozi ilioza kwa jasho. Tulikuwa Wakristo na Waislamu, tulikula sahani moja, tulicheka pamoja. Ila wakati wa kuoga nilisema niko na homa. Homa kila siku! Kulikuwa binti mumoja aliyeuza mikate kwenye njia ya machimbo. Nilimupenda. Nikaanza kupita njia ya nyuma, kusudi asiniite.

Dawa nilitafuta. Mama mumoja alinipaka majani, yakachoma ngozi na maziwa yakabaki. Mwingine alinichanja na wembe, akasugua majivu. Kisha nikaenda kwa nabii mumoja wa kule machimboni. Aliniangalia muda murefu, akasema ndani yangu kuna dada yangu aliyekufa tumboni mwa mama, naye anatafuta kutoka. Ndugu zangu, neno hilo lilinikaa! Kuanzia siku ile sikulala tena kwa tumbo. Niliogopa kumukandamiza.

Kisha vita. Wengi wenu mulikuwepo, sina la kuwafundisha. Tulikimbia Nizi kwa miguu, miye nikashika njia ya Bunia, kwa mama yangu, mutaa wa Mbunya. Nilifika muchana katikati, jua kali. Mulango wa mama ulikuwa wazi. Sufuria ya maharagi ilikuwa kwenye makaa, bado inachemka. Nikaita, hakuna mutu. Nikaenda kwa jirani, mulango wazi, radio inaimba peke yake. Nyumba inayofuata, nguo za mutoto ndani ya beseni la sabuni, na povu bado juu. Hakuna kilio, hakuna imbwa. Muji wote ulikuwa sawa mutu aliyevuta pumzi na kukataa kuitoa.

Baadaye nilijua kwamba mama alikuwa amekimbia na majirani upande wa Mahagi. Lakini saa ile sikujua, na nikiwa bado nimesimama pale, watu wenye silaha wakaingia. Walitukusanya wanaume tuliobaki, wengine waliwatoa mafichoni, wakatupanga kando ya ukuta. Walitaka kuona mabega. Mwenye alama ya mukanda wa bunduki, walisema, ni adui. Kila mumoja atoe simisi.

Ndugu zangu, mutashangaa. Sikuogopa bunduki zao kama nilivyoogopa vifungo vya kazaka yangu!

"Weye, toa kazaka," mumoja akanambia.

"Niko mugonjwa, afande."

"Toa!"

Akavuta yeye mwenyewe. Kikwembe kikafunguka, kikaanguka kwa miguu yangu. Nikafunga macho, nikingoja kicheko, kile nilichokikimbia maisha yangu yote.

Hakuna aliyecheka.

Nikafungua macho. Ule aliyenivuta alikuwa amerudi nyuma, anapangusa mukono wake kwa suruali, anapangusa, anapangusa. Mwenzake akasema kwa sauti ndogo, "Musimuguse. Mumuite mufumu."

Mufumu wao, mutu wa dawa za vita, hakuwa muzee. Alikuwa kijana wa umri wangu, safi, ananukia sabuni, na sauti yake ilikuwa ya mutu anayelalisha mutoto. Aliweka sikio karibu na kifua changu bila kugusa, akafunga macho.

"Huyu iko bawili," akasema. "Nasikia pumzi mbili. Risasi ikikuya, haitajua kama ni mwanaume ao mwanamuke. Itapotea njia."

Walinipeleka kwenye nyumba kubwa ya mufanyabiashara aliyekimbia. Picha za jamaa yake zilikuwa bado ukutani, lakini walikuwa wamezigeuza zitazame ukuta. Walinikalisha kwenye kiti, ndani ya barza ya kati, kifua wazi, wakanipaka udongo mweupe. Kila walipotoka kwenda kupigana, walipita mbele yangu mumoja mumoja, kila mumoja anaweka kiganja kwa kifua changu. Viganja vyao vilikuwa baridi. Hawakunitazama uso. Mumoja, mwanaume mwenye ndevu, aliinama akasema, "Aksanti, mama," akaenda.

Chakula waliweka chini, wakaondoka haraka. Hakuna aliyesema na miye. Tangu utoto nilikuwa naomba watu wasinicheke. Sasa hakuna aliyecheka, na nilitamani hata mumoja anicheke!

Na kisha nikaanza kusikia. Muchana, wakati wapiganaji wote wametoka, nilivuta pumzi yangu, na nyuma yake kukaja ingine, nzito, ya kukwaruza. Nikizuia yangu, ile iliendelea. Nikakumbuka neno la nabii. Nikaanza kusema na dada yangu. Nilimuuliza jina lake. Nilimuomba asitoke mbele ya watu hawa.

Wengine walirudi wakiimba kwamba risasi ilipotea njia. Wengine hawakurudi. Mufumu alisema waliokufa walikuwa na mashaka walipogusa. Lakini nilimuona mukubwa wao akinitazama kutoka mulangoni, kama mutu anatazama chombo na kujiuliza kama kimepasuka. Nikaelewa kwamba wakiendelea kupona hawataniacha kamwe, na wakiendelea kufa wataniua.

Nyuma ya nyumba ile kulikuwa mama mumoja muganga, Mama Furaha. Walimuchukua kwa nguvu kutoka kituo chake cha afya kusudi atunze waliojeruhiwa. Siku moja alipita na ndoo ya maji, akanikuta nasema peke yangu.

"Unasema na nani, mutoto yangu?"

"Na dada yangu. Iko ndani yangu. Anapumua."

Hakukimbia. Aliweka ndoo chini, akapangusa udongo na kona ya kitambaa chake cha kichwa, akabandika sikio lake kabisa kwa kifua changu. Ilikuwa mara ya kwanza mutu kunigusa pale bila kuchukia na bila kuogopa. Akasikiliza.

"Nasikia moyo moja," akasema.

"Na pumzi?"

"Pumzi moja. Ile ingine ni ya mugonjwa wangu, iko nyuma ya ukuta huu. Risasi ilimupita kwa mapafu. Sikiliza muzuri."

Nikasikiliza. Kweli, ilitoka ukutani.

Akaniminya chini ya chuchu na vidole vyake, polepole. "Hii ni nyama ya maziwa tu. Wanaume wengi banakuwa nayo, banaificha sawa weye. Kwa masomo tuliiita jinekomasti. Dokta anaweza kuitoa."

"Iko na jina?"

"Iko na jina. Pepo haiko."

Nililia, ndugu zangu! Miaka yote ile, hakuna aliyenambia kwamba kitu hiki kina jina! Mama Furaha aliweka mukono kwa kichwa changu, akaomba kwa haraka, sababu miguu ilikuwa inasikika inje: "Bwana, huyu ni mutoto wako, ni mumoja, umutoe hapa." Nikasema amina. Sikuwahi kusema amina kwa moyo wote mupaka siku ile.

Asubuhi moja wakanisimamisha. Ukungu ulikuwa umeshuka, huoni hata mti wa karibu. Mufumu akasema siku hiyo sitabaki kitini, nitatangulia mbele ya wote, kifua wazi, na nisiiname hata kidogo, sababu nikiinama dawa inakufa. Tukaenda kwa njia ya katikati ya mikaratusi. Mbele yangu weupe tu. Nyuma yangu pumzi za watu wengi, na hakuna aliyekohoa.

Risasi zilianza bila kuonekana zinatoka wapi. Majani yalikatika pembeni yangu. Nyuma walilala chini wote. Miye nilibaki nimesimama, si kwa ushujaa, niliogopa wale wa nyuma kuliko wale wa mbele. Nikapiga kelele, "Yesu! Niko mumoja! Unitoe!" Na hapo kitu kikanipiga mukono wa kuume sawa nyundo. Nikaanguka. Damu ilikuwa ya moto, ikateremuka juu ya udongo mweupe.

Risasi ilinijua, ndugu zangu! Haikupotea njia!

Kulipotulia, mukubwa wao alikuja, akachuchumaa, akagusa damu yangu na kidole, akaiangalia. Mufumu alisimama nyuma yake, anatafuta neno.

"Kumbe iko mutu tu," mukubwa akasema. "Mumuache."

Wakapita juu yangu mumoja mumoja, wakapotea ndani ya ukungu. Hakuna aliyeweka kiganja. Haleluya! Mukubwa ule alisema vile kwa zarau, sawa mutu anayetupa takataka. Lakini miye, nikiwa chini kwa matope, nililipokea neno lile kama zawadi. Kumbe iko mutu tu! Musiniulize kwa nini Mungu alipitia risasi. Sijui. Wengi waliopigwa asubuhi ile hawakusimama tena, na wengine walikuwa wale walionigusa na viganja vya baridi. Nawakumbuka.

Wamama waliokuwa wanakimbia na mizigo ndio walinikuta. Waliona kifua changu. Mumoja akafungua kikwembe chake cha juu, akanifunika nacho. Wengine wakafunga mukono, wakaniegemeza mupaka hospitali.

Dokta alipomaliza mukono, akainua kikwembe. Nikakishika. Akangoja. Hakuvuta, alingoja tu, mupaka nikaachilia miye mwenyewe. Aliuliza ilianza nikiwa na umri gani, kama ninakunywa dawa fulani, kama ninakunywa pombe. Akapima tumbo, akapima hata sehemu za siri, miye macho nimeyafunga.

"Haiko kansa," akanambia. "Inaanzaka kwa vijana wengi, na kwa wengi inaisha yenyewe. Kwa weye ilikawia, na sasa majani haitaisaidia, wala wembe. Mukono upone kwanza. Kukitulia kidogo, tutaitoa."

Kulikawia kutulia. Lakini siku ilifika, wakanilaza. Nilipoamuka nilikuwa nimefungwa bandeji kifua chote, na mipira midogo inatoa damu pembeni. Na nani amekaa kwenye kiti karibu yangu? Mama Furaha! Watu wale walikuwa wameihama nyumba ile kwa haraka na kumuacha na wagonjwa wake, naye akarudi kazini. Mungu ni mwema!

Sitawadanganya, kifua changu hakikuwa cha picha. Upande wa kuume umebonyea kidogo, kuna kovu, na chuchu moja haisikii kitu mupaka leo. Mama yangu aliporudi kutoka Mahagi, aliweka mukono hapa, akalia, kisha akasema, "Si nilikuambia itaisha?" Tulicheka mupaka majirani wakaja.

Tena sitawadanganya kwa hili. Mwili ulipona kabla ya kichwa. Niliendelea kuvaa kazaka kwa jua kali, wakati hakuna tena cha kuficha. Nilikunja mabega nikitembea. Mutu akicheka kwa mbali, nilijua ananicheka miye. Niliomba, nikaanguka, nikaomba tena. Mama Furaha alikuwa ananikuta sokoni na kuniuliza, "Faustin, joto hii yote, unamuficha nani?" Nilianza kutoa kazaka nyumbani, kisha mbele ya mama, kisha kwa kazi yangu asubuhi, wakati wateja ni wachache. Na leo hapa. Asante Yesu! Asante kwa mikono ya dokta, asante kwa sikio la Mama Furaha, asante kwa mama ule wa kikwembe, ambaye hata jina lake sikulijua.

Sasa nasema na mutu mumoja. Pengine iko hapa ndani, pengine amesimama inje na anasikia kwa dirisha. Unajua kwamba nasema na weye. Unaomba kila siku Mungu aitoe, na asubuhi unaikuta. Ndugu yangu, Mungu hakukuchukia, na hakuna mutu mwingine ndani yako. Mutegemee Yeye, na uende hospitali. Uende na vyote viwili. Usiende kwa wembe. Usiende kwa anayekuambia una pepo kabla hajakugusa.

Na kama unaogopa kufika mulangoni peke yako, kesho asubuhi nitapita mbele ya kanisa hili na baiskeli yangu, nikielekea hospitali. Uwe pale tu. Sitakuuliza kitu, na watu wakituuliza tunaenda wapi, nitajibu miye. Tutasukuma baiskeli pamoja, tutaongea habari za mvua na za mupira mupaka tufike. Bwana awe na weye usiku huu.